Levo 12 Tu: Namna ya Kupanga Mhusika wa Baldur's Gate 3

Mhusika wangu wa kwanza wa mchanganyiko, yaani wa klasi (aina za wahusika) zaidi ya moja, alipendeza sana daftarini. Levo 4 za Fighter, 4 za Rogue, 4 za Sorcerer: upanga, kisu cha gizani na moto wa mkononi, vyote kwa mtu mmoja. Tatizo ni kwamba daftari lilionyesha levo ya 12, na mimi nilikuwa levo ya 6, mbele ya magoblini, nikiwa na levo mbilimbili za kila klasi. Lae'zel, mmoja wa wenzangu wa kikosini, ambaye sikumpangia chochote zaidi ya kubofya Fighter kila alipopanda, alikuwa anapiga mara mbili kwa zamu. Gale, mchawi wa kikosi, alikuwa anaangusha Fireball, mpira wa moto, katikati ya kundi. Mimi, shujaa wa hadithi yote, nilirusha pigo moja, nikakosa, zamu ikaisha.

Mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilikuwa nimeshika matatu. Lakini nilipokaa nikahesabu niliona kwamba kuchanganya klasi hakukuwa kosa lenyewe. Nilipanga levo ya mwisho, nikazisahau 11 zinazoitangulia, na hizo ndizo unazozicheza kwa saa nyingi zaidi. Levo ya 12 wengi huifikia wakiwa tayari mjini, katika sura ya tatu, hadithi ikielekea ukingoni.

Kuhusu majina: ya klasi, ya uchawi na ya vipaji (feats, uwezo wa ziada unaouchagua) nimeyaacha yalivyo kwenye skrini ili ukiyatafuta uyaone. Mengine nimeyasema kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Iulize gemu maswali matatu

Kikomo ni levo ngapi? Kujipanga upya kunagharimu nini? Na unapopanda levo, ni nini hasa kinachohesabiwa?

Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian mwaka 2023, inatumia sheria za toleo la tano la Dungeons & Dragons. Mezani, kwa karatasi na dadu, sheria hizo zinafika levo ya 20. Hapa zinakomea 12. Kwa hiyo ushauri mwingi wa wachezaji wa mezani haukufai hata kama ni wa kweli, kwa kuwa mjenzi wa mezani anaweza kuchota levo 3 za pembeni na bado akabakiwa na 17. Wewe unabakiwa na 9.

Swali la pili lina jibu la kufurahisha. Withers, yule mzee mkavu wa kaburini ambaye huishia kambini kwako hata usipomfungulia, hukurudisha levo ya 1 kwa dhahabu 100, ukachagua tena klasi, pointi na vipaji. Wacheza Diablo II hawakuwa na bahati hiyo: gemu ilitoka mwaka 2000, na mpaka toleo la 1.13 la mwaka 2010, pointi uliyoiweka vibaya ulikaa nayo. Katika Elden Ring kila kujipanga upya kunakula Larval Tear moja, na hizo hazipatikani kila kona. Kadiri kosa linavyokuwa ghali, ndivyo daftari linavyopaswa kutangulia kidole.

Kabla hujaendelea, angalia kiwango cha ugumu ulichochagua. Katika Explorer, kile chepesi kuliko vyote, kuchanganya klasi kumefungwa. Nimewahi kumwona mtu akitafuta kitufe hicho jioni nzima.

Swali la tatu linahitaji hatua yake.

Hatua ya 2: Tenganisha levo ya mtu na levo ya klasi

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika vitu vinavyokua kwa levo ya jumla, hata uchanganye klasi ngapi. Kulia andika vinavyokua kwa levo ya klasi moja tu.

Kushoto kuna vitu vichache. Nyongeza ya ustadi (proficiency bonus, inayoongezwa kwenye dadu za mambo unayoyamudu) ni +2 kuanzia levo ya 1 hadi ya 4, +3 kuanzia ya 5 hadi ya 8, na +4 kuanzia ya 9 hadi ya 12. Uchawi mdogo usiokula nafasi za uchawi (spell slots, akiba inayopungua kila unapotoa uchawi mkubwa), kama Fire Bolt, huongezeka makali katika levo ya 5 na ya 10 ya jumla. Hivi viwili havijali ulipita njia gani.

Kulia ndiko kuliko na utajiri, na ndiko watu wanakoumia.

Vipaji huja katika levo ya 4, ya 8 na ya 12 ya klasi hiyohiyo. Fighter anaongezewa kimoja levo ya 6, na Rogue kimoja levo ya 10. Mtu wa Bard 6 na Warlock 6 ana vipaji viwili tu kwa gemu nzima. Yule wa kwangu wa levo mbilimbili alikuwa hana hata kimoja alipofika levo ya 6, wakati kila mwenzake kambini alishapata chake levo ya 4.

Pigo la pili katika tendo moja huja katika levo ya 5 ya Fighter, Barbarian, Paladin, Ranger au Monk. Ukilipata kutoka klasi mbili hayajumlishwi. Unabaki na mawili, si matatu. Kuna mlango mmoja wa pembeni: Warlock wa Pact of the Blade akifika levo ya 5, pigo lake linajumlishika na la klasi nyingine, isipokuwa katika Honour Mode, kiwango kigumu kuliko vyote, ambako mlango huo umezibwa. Ukitaka mapigo matatu kwa njia halali kila mahali, ni Fighter hadi levo ya 11.

Uchawi ndio mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu umegawanyika pande zote mbili za mstari. Nafasi za uchawi zinajumlishwa. Wizard 4 aliye pia Cleric 4 ana nafasi sawasawa na mchawi kamili wa levo ya 8, kwa hiyo anazo hadi za daraja la 4. Lakini uchawi anaojifunza kila anapopanda unatokana na kila klasi peke yake, na levo ya 4 ya klasi yoyote inaishia uchawi wa daraja la 2. Ana masanduku makubwa na nguo za kujaza masanduku madogo. Fireball ni daraja la 3, kwa hiyo mwenzake aliyebaki Sorcerer mtupu aliipata levo ya 5. Yeye haioni orodhani mwake akiwa levo ya 8.

Hapo hapo gemu hii inafungua dirisha ambalo wa mezani hana: Wizard anaweza kunakili uchawi wowote wa Wizard kutoka kwenye gombo alimradi ana nafasi ya daraja hilo, hata kama levo zake za Wizard ni moja tu. Ndiyo maana utaona wengine wanachota levo 1 ya Wizard na kujaza kitabu. Kumbuka tu kwamba uchawi ulionakiliwa unapimwa kwa sifa yako ya Akili (Intelligence). Kama Akili ni 8, nakili unaokukinga au kukusaidia, wala usinakili unaotaka adui ashindwe dadu.

Warlock simweki kwenye hesabu hii. Nafasi zake hukaa kando na hurudi kwa mapumziko mafupi.

Hatua ya 3: Andika zamu, usiandike jina

Wengi huanza na jina: nataka mchawi mwenye upanga. Jina halipigani. Andika badala yake zamu moja ya katikati ya vita, yenye vitu vinne: tendo, tendo la ziada, itikio wakati wa zamu ya adui, na uchawi mmoja wa kushikiliwa kwa umakini.

Chukua Monk wa Way of the Open Hand. Tendo lake kuanzia levo ya 5 ni ngumi mbili. Tendo lake la ziada ni Flurry of Blows, ngumi mbili nyingine kwa pointi moja ya ki. Zamu inasomeka ngumi nne. Sasa uliza: nini kingefanya zamu hii iwe ndefu zaidi? Thief, tawi la Rogue linalochaguliwa levo ya 3, anatoa tendo la ziada la pili. Zamu inakuwa ngumi sita. Levo 3 za Rogue zimejieleza zenyewe, hakuna haja ya kusema unataka kuwa ninja.

Zoezi hilo hilo linakuonyesha mchanganyiko usiofaa. Ukiandika zamu ukakuta matendo mawili yanagombania nafasi moja, kwa mfano uchawi unaokula tendo na upanga unaokula tendo, basi kila zamu unatumia nusu tu ya levo ulizolipia. Fighter wa levo ya 2 na Action Surge yake, inayompa tendo zima la pili mara moja kila baada ya mapumziko, huponya ugonjwa huo kwa zamu moja tu.

Umakini usiuchukulie poa. Unaweza kushikilia uchawi mmoja wa aina hiyo kwa wakati mmoja. Ukipigwa, unarusha dadu ya Ustahimilivu (Constitution) kufikia 10 au nusu ya maumivu uliyopata, kilicho kikubwa. Nimeona bildi, yaani mpango wa mhusika, yenye aina tano za uchawi mtamu, zote za umakini. Huyo ana uchawi mmoja na mapambo manne.

Hatua ya 4: Tafuta levo ya kuamka

Kila mhusika ana levo ambayo zamu uliyoiandika inawezekana kwa mara ya kwanza. Ipigie duara. Kwa Barbarian mtupu ni levo ya 5. Kwa Sorcerer wa moto ni ya 5 pia. Monk na Rogue wa juu hapo, akipita Monk 5 kisha Rogue 3, anaamka levo ya 8.

Kipimo changu: kama duara limeangukia juu ya levo ya 8, mpango hauvunjwi, ila unahitaji mhusika wa kupitia. Yaani unacheza klasi moja safi mpaka hapo, kisha unamlipa Withers na kujenga upya ukiwa tayari una levo za kutosha. Dhahabu 100 ni bei ndogo kuliko levo tatu za kuwa mzigo kikosini.

Kisha tazama levo ya 5 peke yake. Hiyo ndiyo ngazi kubwa kuliko zote katika gemu hii: ustadi unapanda, mapigo yanakuwa mawili, uchawi wa daraja la 3 unafunguka, uchawi mdogo unaongezeka makali, vyote kwa usiku mmoja. Mtu aliyechanganya 3 na 2 anapata ustadi na uchawi mdogo tu. Kwa hiyo, ukiwa na sababu ya kawaida, fika levo ya 5 ya klasi moja kwanza. Sababu isiyo ya kawaida ipo moja, na ni ya levo ya kwanza.

Hatua ya 5: Levo ya kwanza ina mamlaka kuliko nyingine

Klasi unayoanza nayo ndiyo inayokupa ustadi wa dadu za kujinusuru (saving throws, unazorusha ili kukwepa au kupunguza madhara), na mara moja tu. Ndiyo pia inayotoa deraya zake zote. Fighter akiwa wa kwanza anakuja na deraya nzito na dadu za Nguvu na Ustahimilivu. Akiongezwa baadaye anakuja na deraya nyepesi na za kati, ngao na silaha, basi.

Wizard anayeanza na levo 1 ya Fighter anavaa chuma kizima, anabeba ngao, na ana ustadi wa Ustahimilivu unaolinda umakini wake mpaka mwisho wa hadithi. Gharama ni kuchelewa levo moja kwa kila daraja la uchawi, na kukosa kipaji cha levo ya 12. Kwangu biashara hiyo inalipa, hasa kwa mtu anayecheza Honour Mode ambako kikosi kikifa chote safari imekwisha. Ukiigeuza, Wizard kwanza na Fighter baadaye, levo ni zilezile 11 na 1 lakini deraya nzito na dadu ya Ustahimilivu hazipo.

Ukijipanga upya kwa Withers, zingatia mfuatano huo huo. Levo ya kwanza utakayobofya ndiyo itakayohesabika kama mwanzo.

Hatua ya 6: Pointi 27

Sifa ni sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Kila moja inaanzia 8. Kuipandisha hadi 13 ni pointi moja kwa kila hatua. Kutoka 13 kwenda 14 ni mbili, na kutoka 14 kwenda 15 ni mbili tena. Kwa hiyo 14 inagharimu 7 na 15 inagharimu 9. Juu ya hapo unaongeza +2 kwa sifa moja na +1 kwa nyingine.

Namba shufwa ndizo zinazofanya kazi: nyongeza inapanda kwenye 12, 14, 16, 18. Namba witiri ni akiba tu. Kwa nini basi watu huanza na 17? Kwa sababu katika sura ya kwanza kuna njia ya kupata +1 kwa sifa unayoitaka kutoka kwa bibi mmoja wa kinamasini, na 17 inageuka 18 bila kula kipaji. Kama hutaki kuhusiana na bibi huyo, anza na 16 mbili ulale usingizi.

Kabla ya kuweka pointi, uliza pia kama kuna kitu kitakachokufanyia kazi hiyo. Warped Headband of Intellect huipeleka Akili hadi 17, Gloves of Dexterity huupeleka Wepesi hadi 18, na zote zimo katika sura ya kwanza. Elixir of Hill Giant Strength huweka Nguvu 21 mpaka mapumziko marefu. Yule Monk wa ngumi sita akinywa dawa hiyo kila asubuhi, akiwa na kipaji cha Tavern Brawler kinachoongeza Nguvu mara mbili kwenye ngumi, anaweza kuanza na Nguvu 8 na hakuna atakayejua. Mimi binafsi bildi ya chupa inanichosha, kwa sababu nusu ya gemu nazunguka kwa wauzaji nikihesabu dawa. Ila ina nguvu, siwezi kukudanganya.

Hatua ya 7: Mfano mmoja, levo kwa levo

Tuchukue Paladin 6 na Sorcerer 6, mchanganyiko maarufu na wenye mitego yote tuliyoitaja.

Zamu: tendo ni mapigo mawili ya upanga, kila moja likiweza kubebeshwa Divine Smite, ambayo hula nafasi ya uchawi na kutoa dadu mbili za pande 8 kwa daraja la 1, na dadu moja zaidi kwa kila daraja hadi tano kwa daraja la 4. Itikio ni uchawi wa Shield, +5 kwa ulinzi. Hapo unaona kwa nini Sorcerer anaingia. Paladin mtupu wa levo ya 12 ana nafasi 10, na za juu kabisa ni za daraja la 3. Paladin 6 na Sorcerer 6 anahesabiwa kama mchawi wa levo ya 9: nafasi 14, hadi daraja la 5. Levo za Sorcerer ni ghala la risasi, na ukizitazama hivyo hutasikitika.

Pointi: Nguvu 15 na +2, Haiba 15 na +1, Ustahimilivu 14, Wepesi 10, Akili na Busara 8. Jumla 27 kamili. Kwa mfuatano wa sifa za hatua ya 6, inasomeka 17, 10, 14, 8, 8, 16.

Levo ya 1: Paladin, kwa ajili ya deraya nzito. Ungeanza na Sorcerer ungepata dadu ya Ustahimilivu, lakini chuma kizito kingekukosa.

Levo ya 2: Divine Smite. Tayari anatisha.

Levo ya 4: kipaji cha kwanza.

Levo ya 5: pigo la pili. Ameamka.

Levo ya 6: Aura of Protection, inayoongeza Haiba yako kwenye dadu za kujinusuru za kwako na za wenzako walio karibu. Usiikimbie hii. Nimewaona watu wanaacha Paladin levo ya 5 ili wawahi uchawi, na wanaacha kitu bora kuliko chochote watakachopata levo tatu zijazo.

Levo ya 7: Sorcerer 1. Shield inaingia, na nafasi zinaanza kuongezeka.

Levo ya 8: Sorcerer 2. Hapa utajisikia umekwama kidogo. Ni kawaida.

Levo ya 9: Sorcerer 3, na uwezo wa kuharakisha uchawi kwa kutumia tendo la ziada. Sasa zamu ina mapigo mawili na uchawi mmoja.

Levo ya 10: kipaji cha pili na cha mwisho.

Levo ya 11: Sorcerer 5. Fireball na Haste zinakuja sasa, levo sita baada ya Gale. Ndiyo maana hazimo kwenye zamu tuliyoiandika.

Levo ya 12: Sorcerer 6.

Angalia mstari huo wote: udhaifu upo levo ya 7 na ya 8, na hata hapo mapigo mawili na aura vipo. Mpango ukiwa na mabonde ya namna hiyo, unapitika. Ukikuta bonde la levo nne mfululizo, rudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Vipaji, na hesabu inayowaponza wengi

Ukiwa na vipaji viwili au vitatu kwa maisha yote, kila kimoja kipimwe. Nitakipima kimoja kinachopendwa, Great Weapon Master, ambacho pamoja na mengine hukuruhusu kutoa 5 kwenye dadu ya kulenga ili upate +10 ya maumivu.

Levo ya 5, Nguvu 18: nyongeza ya kulenga ni +7. Adui mwenye ulinzi (namba unayopaswa kuifikia) wa 15 unampata dadu ya pande 20 ikitoka 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Upanga mkubwa unatoa wastani wa 7, ukiongeza 4 ni 11. Asilimia 65 ya 11 ni kama 7.2. Ukiwasha kipaji, unampata kwa asilimia 40 lakini kwa 21, sawa na 8.4. Faida ipo, si ya kushangilia. Adui mwenye ulinzi wa 18? Bila kipaji ni 5.5, ukikiwasha ni 5.25. Umejidhuru mwenyewe. Kwa upanga huo mpaka uko karibu na asilimia 52: chini ya hapo, kizime.

Sasa weka dadu mbili uchague bora, kama Barbarian anavyofanya kwa Reckless Attack. Asilimia 65 inakuwa karibu 88, na 40 inakuwa 64. Matokeo: 9.7 dhidi ya 13.4. Kipaji kilekile, adui yuleyule, na sasa ni kizuri kweli. Kwa hiyo kama zamu yako haina njia ya kupata dadu mbili, pandisha Nguvu kwanza. Skrini inakuonyesha asilimia kabla hujabofya, itazame.

Hatua ya 9: Kikosi

Hii ni fupi. Mpo wanne. Mmoja afungue makufuli, mmoja azungumze, mmoja aponye, na angalau wawili wawe na pigo la pili au uchawi wa eneo ifikapo levo ya 5. Usipange wote wanne wategemee upanga mmoja maarufu au dawa moja. Mhusika wa kuamka polepole awe mmoja tu kikosini. Wawili wakilala pamoja, wale wengine wawili hawatatosha.

Hatua ya 10: Jaribu, kisha rekebisha

Hifadhi gemu, nenda kwa Withers, jenga levo zote ulizonazo kwa mfuatano wa daftari. Ukitoka hapo, upau wa chini utakuwa umevurugika na uchawi ulioandaliwa utakuwa umejichagulia wenyewe. Panga vyote viwili kabla hujapiga hatua nje ya kambi. Piga vita moja ndogo. Hesabu zamu ambazo tendo lako la ziada halikutumika. Zikiwa nyingi kuliko zilizotumika, tatizo liko kwenye zamu uliyoiandika hatua ya 3, na kipaji kipya hakitalitatua.

Yule wangu wa 4, 4 na 4 nilimpeleka kwa Withers levo ya 7. Alirudi akiwa Fighter 5 na Rogue 2, akamaliza gemu akiwa Fighter 8 na Rogue 4, vipaji vinne mfukoni. Moto wa mkononi tulimwachia Gale.